Mkalimani wa Nusu Siku

Siku hizi wajukuu zangu wanauita usaili. Wanaondoka nyumbani wamepiga pasi mpaka kola, wameshika bahasha ya vyeti, na wakirudi hawataki kuulizwa chochote. Sisi tulisema tu "kuitwa kuulizwa". Mimi niliitwa mara moja katika maisha yangu, kwenye hospitali moja ya pwani ya Kilwa, miaka michache baada ya vita vya pili, Mwingereza akiwa bado anatawala. Mji wenyewe sitautaja. Hospitali yake ilikuwa moja tu, na watu ninaowakumbuka wana watoto na wajukuu ambao hawakuomba kuandikwa.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Kwetu ni bara, kwenye vilima vya Matumbi, mwendo wa siku mbili hadi pwani kwa mtu asiye na mzigo. Baba alilima mpunga bondeni na muhogo mlimani. Yeye alikuwa Mwislamu, ndugu za mama walikuwa Wakatoliki, na hakuna aliyeona ajabu. Nilisoma shule ya misheni hadi darasa la sita, nikawa ndiye msoma barua wa kijiji. Kwa hiyo mwalimu wangu wa zamani aliposikia kwamba hospitali ya pwani inatafuta mkalimani, alinitaja mimi kabla ya mtu mwingine yeyote, akaniandikia barua ya kurasa mbili.

Haja ya mkalimani ilikuwa hivi. Daktari alikuwa Mhindi aliyezaliwa na kukulia Unguja. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu, kimenyooka, hata ukali wake ulipendeza kusikiliza. Lakini Kimatumbi hakujua hata salamu. Wagonjwa wengi walishuka kutoka vilimani kwetu, na wanawake hasa, Kiswahili walichokuwa nacho kilikuwa cha kuuzia kuku tu. Mkalimani wa zamani alikuwa amehamia Lindi, kwenye mashamba ya mkonge. Tena kulikuwa na jambo lililoniwasha moyo zaidi ya ukalimani wenyewe: mtu akionekana anafaa, baada ya mwaka au miwili alipelekwa kusomea udresa, kazi ya kusafisha na kufunga vidonda. Dresa alivaa koti jeupe. Kule kwetu hakuna aliyetofautisha dresa na daktari. Wote walikuwa waganga, na wazee walimpisha dresa kwenye mkeka.

Baba alinisindikiza mpaka mtoni. Alivua kofia yake ya kitambaa, akanivisha mimi, akasema, "Usiwe na maneno mengi. Jibu unachoulizwa." Kisha akarudi bila kugeuka nyuma, maana siku ile ilikuwa zamu yake ya kuwinga nguruwe mwitu wasile mazao shambani.

Mjini nilifikia kwa mama mdogo, mdogo wake mama, aliyeolewa na fundi cherehani. Alinipokea kama mtu ambaye kazi ameshaipata. Alifua shati langu mara mbili, akanionyesha chumba kitakachokuwa changu, akaniambia ni majirani gani wa kuzoeana nao na ni wepi wa kuwaamkia tu nikapita zangu.

Asubuhi ya siku yenyewe niliwakuta wawili barazani pa hospitali. Mmoja alikuwa mwenzangu wa kuulizwa, kijana wa mjini mwenye kanzu safi na viatu, ambaye mama yake alitoka vilimani. Tulisalimiana kwa Kimatumbi, nikaona mara moja kwamba chake ni cha kuokoteza. Alitafuta maneno kama mtu anayetafuta sindano kwenye mchanga. Nilifurahi, wala sitaficha kwamba nilifurahi. Wa pili alikuwa mama wa makamo aliyekuwa anapiga deki, amejifunga kanga kiunoni, ndoo ya maji ya dawa pembeni yake. Harufu ya dawa ile ya kusafishia sakafu ilikuwa kali, ilijaa jengo zima hadi machozi yakanilenga.

"Shikamoo, mama," nilimwamkia.

"Marahaba. Miguu juu."

Tukainua miguu, akapitisha tambara chini ya benchi, akaendelea.

Daktari alituita pamoja. Alikuwa mtu mfupi, mwenye miwani na kalamu mbili mfukoni. Alisoma barua ya mwalimu wangu, akaikunja, akatuandikisha sentensi chache za kumjaribu kila mmoja mwandiko wake, akatusomesha maandishi ya kwenye chupa. Kisha akasema, "Haya yote ni ya shuleni. Sasa wagonjwa wanasubiri nje. Kila mmoja wenu atanikalimania watu watatu, nami nitasikiliza."

Alianza kijana wa mjini. Mzee mmoja aliingia akaeleza habari za mguu wake, na kijana akatafsiri vizuri mpaka katikati, akakwama. "Hilo neno, daktari, sikulielewa," alisema. Daktari akamwambia aulize tena. Akauliza tena, akaelewa. Kwa mgonjwa wa pili alikwama mara mbili. Kila mara alisema vilevile, bila haya: sikulielewa. Mimi niliyajua maneno yote matatu aliyokwamia. Nilikaa kwenye kiti changu nikiyatafuna mdomoni.

Zamu yangu ilipofika mambo yalikwenda kama maji. Mzee mwenye kikohozi, mama mwenye mtoto wa homa. Nilimuuliza mama yule hata yale ambayo daktari alikuwa hajayauliza, nikaona daktari anaandika na kutikisa kichwa kwa kuridhika. Alisema, "Vizuri, bwana mdogo. Mwite wa mwisho."

Wakaingia wanawake wawili. Wa mbele alikuwa mtu mzima, mwenye sauti. Wa nyuma alikuwa msichana wa rika langu, amejitanda kaniki nyeusi mpaka puani. Nywele za kwenye paji la uso zilikuwa bado na maji. Alikuwa ametoka kuoga muda uleule, tena si nyumbani, labda kwenye kisima cha nje ya uzio. Daktari alimwonyesha kiti. Hakukaa.

"Mwambie akae," daktari alisema.

Nilimwambia. Yule mtu mzima, ambaye alisema ni shangazi yake, akajibu kwa haraka, "Atasimama tu. Amezoea."

Kisha akaanza kueleza. Alisema kwamba binti huyu aliolewa mwaka juzi, akashika mimba, uchungu ukamkamata siku nne. Mtoto alitoka amekufa. "Na tangu siku ile," alisema shangazi, akaishusha sauti kwa mara ya kwanza, "mwambie bwana mganga, nguo zake hazikauki. Usiku hazikauki, mchana hazikauki. Mume wake amemrudisha."

Nilielewa. Mtu yeyote aliyekulia vilimani angeelewa. Nilipokuwa mdogo kulikuwa na mama mmoja kijijini kwetu aliyeishi peke yake kwenye kibanda nyuma ya mashamba, mbali na nyumba za watu. Mama yangu alinituma nimpelekee chakula, akaniambia nikiweke mlangoni nirudi, nisikae. Niliuliza kwa nini. Mama alinijibu kwa maneno yaleyale: nguo zake hazikauki. Nilifikiri hana jua la kutosha kule aliko. Nilipokua ndipo nilipojua kwamba alichanika wakati wa kuzaa, na mkojo ukawa unamtoka wenyewe, hauna wa kuuzuia. Alikuwa anaimba vizuri. Nyimbo zake tulizisikia tukiwa mashambani, na hakuna aliyezipokea.

Kwa hiyo si kwamba sikujua. Nilijua, na maneno ya Kiswahili ya kulisema jambo lile nilikuwa nayo. Nilimtazama daktari, mtu mgeni kwangu, mwenye kalamu juu ya karatasi. Nilimtazama kijana wa mjini aliyekaa kando na kanzu yake. Nilimwona binti, amesimama mbele yetu wanaume watatu, macho chini. Mimi ningeanzaje kutamka habari za mkojo wa mwanamke wa rika langu, anayeweza kuwa binti wa jirani zetu?

Nilisema, "Anaumwa tumbo, daktari. Tangu alipojifungua. Mtoto alikufa."

"Tumbo la wapi? Juu au chini?"

"Chini," nilisema, nikaona angalau hapo sikusema uongo mtupu.

Daktari akaniambia nimuulize kama anaharisha, kama ana homa. Nikamuuliza shangazi kama binti ana homa, akasema wakati mwingine. Daktari aliinuka, akambonyeza tumbo juu ya kaniki, binti akiwa amesimama vilevile. Akarudi kwenye kiti, akaandika. Dawa nyeupe ya tumbo, kijiko asubuhi na jioni.

Binti alikuwa na Kiswahili kidogo. Nililijua hilo kwa sababu niliposema neno "tumbo" aliinua macho akanitazama. Nimeyafikiria macho yale kwa miaka mingi. Wakati ule niliyaona kama macho ya shukrani, kwamba nimemsitiri. Huenda ndivyo yalivyokuwa.

Mlango ulikuwa wazi. Yule mama wa deki alikuwa ukumbini, mbele kabisa ya mlango, na mkono wake ulikuwa umesimama. Alikamua tambara lake, akasogea.

Wanawake walipotoka, daktari alituambia wote wawili tusubiri kidogo, akatoka kusema na karani wake. Aliporudi alimshukuru kijana wa mjini kwa kuja, akamwambia asiondoke kwanza, huenda kukawa na nafasi nyingine ya kuandikisha wagonjwa. Mimi akanipa mkono. "Utaanza Jumatatu," alisema. "Unajua lugha, na unajua kusema na watu. Mwalimu wako hakutia chumvi."

Nilitoka nje sijui nakanyaga wapi. Ilikuwa yapata saa nne. Nilikaa kwenye ngazi za nyuma, kwa upande wa jikoni, ili furaha inipungue kabla sijaenda kwa mama mdogo. Nilikuwa nafikiria jinsi baba atakavyopokea habari, nani atampelekea, ataisikia akiwa wapi.

Mama wa deki alikuja kumwaga maji machafu. Alimwaga, akaitua ndoo, akanitazama.

"Wewe ni mtu wa mlimani?"

"Ndiyo, mama."

"Mimi pia, ila nimeolewa huku zamani." Alinitajia upande anaotoka, si mbali na kwetu. Kisha akauliza, kwa Kimatumbi, sauti ya kawaida kabisa, "Kwenu mwanamke akisema nguo zake hazikauki, anaumwa tumbo?"

Niliitazama ndoo yake.

"Nakuuliza kwa kuwa labda upande wenu maneno yamebadilika."

"Hayakubadilika," nilisema. "Niliona haya, mama. Mbele ya watu wote wale."

"Uliona haya." Alilirudia neno kama mtu anayeonja mboga. "Na yeye, unafikiri alitembea siku mbili kwa sababu hana haya? Njia nzima, kila penye kijito anaingia, anafua, anavaa nguo mbichi, anatembea. Nimewaona walipofika jana. Wamelala pale penye mti wa nyuma kwa kuwa hakuna aliyewapa mkeka."

"Kwa nini wewe hukusema, mama? Ulisikia."

Hapo alicheka, lakini halikuwa cheko la kufurahi. "Nilisema, mwaka juzi, kwa mgonjwa mwingine. Yule mkalimani wa zamani aliniambia kazi yangu ni sakafu. Daktari alikuwepo. Hakusema kitu." Aliinua ndoo. "Wako dirishani wanangoja chupa ya dawa. Wakishaipata wanarudi kwao. Mimi naendelea na wodi ya wanaume."

Akaenda. Hakunitisha, wala hakuniambia la kufanya.

Nilizunguka jengo nikaenda kusimama mahali ninapoweza kuliona dirisha la dawa. Kulikuwa na foleni. Shangazi alikuwa ameshika chupa tupu waliyokuja nayo kutoka nyumbani, ya kutilia dawa, na binti alikuwa amesimama mbali na foleni, peke yake, kwenye jua kali, karibu na mahali pa kufulia. Hakukaribia kivuli kilichokuwa na watu. Watu wanne walikuwa mbele ya shangazi. Kisha watatu.

Nilijaribu kujishawishi. Nikasema, Jumatatu nikianza kazi nitamweleza daktari taratibu. Nikasema, hata akijua, ugonjwa ule hauna dawa. Yule mama wa kibandani alikufa nao. Nikasema, pengine nitakuwa dresa, nitawasaidia wengi kama huyu. Hilo la mwisho ndilo lililonitia aibu, kwa sababu nililisikia kwa sauti ya mtu mzima, kana kwamba nimeshavaa koti tayari.

Walibaki wawili mbele ya shangazi nilipoingia tena kwa daktari. Daktari alikuwa na mgonjwa, naye kijana wa mjini alikuwa amekaa pembeni akijaza daftari. Nilibaki mlangoni.

"Bwana mdogo? Nimesema Jumatatu."

"Daktari, yule mama wa mwisho. Yule binti. Sikukwambia alilosema."

Alimwomba mgonjwa asubiri nje. "Alisema nini?"

Nikamwambia. Niliyasema yote kwa Kiswahili, siku nne za uchungu, mkojo, mume aliyemrudisha, nikiwa nimekodoa macho kwenye meza. Yalichukua muda mfupi sana. Nilishangaa kwamba maneno niliyoyaogopa yalikuwa machache hivyo.

Daktari alivua miwani. "Neno lile ulilielewa tangu mwanzo?"

"Ndiyo, daktari."

"Basi hukukosea."

Nilifikiri ananisamehe. Niliinua kichwa.

"Mtu aliyekosea namfundisha," alisema. "Wewe ulijua, ukabadilisha. Nimempa dawa ya tumbo mwanamke aliyechanika kibofu. Angerudi kwao akaimaliza, akaona hospitali haina maana, na asingekuja tena, wala wenzake." Hakupandisha sauti. Afadhali angeipandisha. "Umefanya vyema kurudi. Nasema kweli, umefanya vyema. Lakini nikikuweka hapo kando yangu, kila utakaloniambia nitajiuliza, ndilo walilosema wao, au ndilo lililokuwa rahisi kwako?"

"Sitarudia, daktari. Wallahi sitarudia."

"Huenda hutarudia. Lakini mimi sitakuwa na njia ya kujua." Alimgeukia kijana wa mjini. "Kimbia dirishani, wazuie wale wanawake. Na uniitie yule mama wa usafi."

Kijana akatoka mbio na kanzu yake. Nilibaki nimesimama, nikingoja niambiwe jambo jingine, sijui jambo gani. Daktari alikuwa anaandika upya kwenye karatasi ya binti. Alipoona bado nipo, alisema kwa upole kwamba barua ya mwalimu wangu niichukue, itanifaa kwingine.

Walirudishwa. Mama wa usafi aliingia akiwa bado na kanga kiunoni na mikono mibichi, akaufunga mlango. Sisi wanaume tuliobaki nje tulisikia sauti yake tu, haraka haraka, Kimatumbi, kisha Kiswahili, kisha Kimatumbi. Hakushusha sauti popote. Kijana wa mjini alikaa nami kwenye benchi. Alijua kwamba kazi sasa ni yake, nami nilijua. Aliniuliza, "Lile neno kumbe ndivyo linavyosemwa kwenu?" Nikamwambia ndiyo. Akalitamka mara mbili ili alishike.

Walipotoka shangazi alinishika mkono wangu kwa mikono yake miwili. Alisema binti yake atalazwa, kwamba ugonjwa huu hapa hautibiki lakini Dar es Salaam yupo daktari anayeshona, na barua imeandikwa, watangoja meli. Alisema Mungu anijaze heri. Nilitaka binti naye aseme kitu. Alipita mbele yangu, akasimama kidogo tu, akasema kwa Kimatumbi, bila kunitazama, "Wote wameshajua sasa." Kisha akamfuata mama wa usafi wodini.



Mama mdogo alinisikiliza mpaka mwisho akiwa anachambua mchele. Aliniuliza kama nilifukuzwa kwa sababu ya kutukana, au kugombana. Nikasema hapana. "Kwa hiyo ulipewa kazi, ukaenda mwenyewe kuirudisha," alisema. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anajaribu kuelewa. Usiku ule alinipa chakula kizuri, kama anachopewa mfiwa.

Baba alikuwa mgumu zaidi. Nilimkuta shambani, nikamweleza tukiwa tumesimama. Akasema, "Yule binti ni wa nani?" Nikamwambia sijui. "Si ndugu yetu?" Si ndugu yetu. "Na ulikuwa umeshapewa." Baada ya hapo hakuligusa jambo hilo mbele yangu, lakini kwa wengine alilisema kwa miaka: mwanangu alipewa kazi ya hospitali. Alikatisha hapo. Wasikilizaji walidhani nilikataa kwa kiburi, au kwamba mpaka leo ndiyo kazi yangu, kila mtu alivyopenda.

Baadaye nilipata ukarani kwenye mahakama ya wenyeji huko huko vilimani, ile tuliyoiita baraza. Nilikuwa mwandishi wa yanayosemwa: ugomvi wa mipaka, talaka, mbuzi walioingia shambani. Nilikuwa mwandishi mgumu. Mtu akisema jambo la aibu, nililiandika lilivyo, na likiwa la mafumbo, nilimuuliza maana yake na kuiandika pia. Wazee wa baraza walinilalamikia mara kadhaa kwamba natia mambo ya chumbani kwenye kitabu cha serikali. Sijui kama ulikuwa uaminifu au nilikuwa bado namjibu daktari. Niliwaaibisha watu wengine bila lazima, na baadhi yao hawakunisamehe.

Habari za hospitali nilizipata kwa wapitao. Kijana wa mjini alikuwa mkalimani mzuri. Kimatumbi chake kilinyooka, akapelekwa kusoma, akarudi na koti. Mama wa usafi aliitwa kila alipokuja mwanamke mwenye habari za ndani. Aliacha ndoo, akakalimani, akarudi kwenye ndoo. Cheo chake kilibaki kilekile hadi alipostaafu. Nilipolisikia hilo niliona uchungu kuliko nilivyouona kwa ajili yangu, maana kati yetu watatu tuliosikiliza siku ile, yeye peke yake hakuwa na la kujifunza.

Shangazi nilikutana naye baada ya miaka mitatu hivi, msibani. Alinitambua yeye kwanza. Alisema binti alipanda meli, akashonwa Dar es Salaam, ikafumuka. Alikaa huko miezi, akashonwa tena. Mara hii ilishika, si yote. "Mchana ni mkavu," alisema. "Usiku anajitandikia. Lakini mchana ni mkavu." Ameolewa Lindi, upande wa Mitwero, mke wa pili, na mume anajua yote. Mtoto hajapata. Anapika vitumbua asubuhi, na watu wananunua, wanakaa naye kwenye benchi lake.

Nilimuuliza kama binti huwa ananitaja.

Shangazi alifikiri kwa uaminifu. "Hapana," alisema. "Yule mama wa ndoo ndiye anayemtaja."

Nimeisimulia habari hii mara chache, na kila mara nimekuwa nikisema kwamba nilirudi kwa daktari kwa sababu ya yule binti aliyesimama juani. Kwa sehemu ni kweli. Lakini nilikuwa pia na hofu kwamba mama wa usafi safari hii angesema, na ningekutwa mwongo Jumatatu asubuhi mbele ya watu. Nimejaribu kupima ipi ilikuwa nzito zaidi, huruma au hofu. Watu wawili walikuwa mbele ya shangazi kwenye foleni, na sikuwa na muda wa kupima, nilitembea tu.